Ushauri: Macho yanatoa machozi, kumbe yamekauka

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nina miaka 68 na naishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, pamoja na wajukuu wawili. Mume wangu alishatangulia mbele za haki.

Tangu mwaka juzi macho yananitesa. Asubuhi nina nafuu, lakini ikifika saa tisa alasiri yanawaka, nahisi yana mchanga, na machozi yanatiririka mpaka shingoni. Upepo wa kiangazi ukivuma ndiyo balaa zaidi. Nikisoma, mstari wa tatu herufi zinafifia. Nikipepesa zinarudi, kisha zinafifia tena. Kanisani nilikuwa msomaji wa somo la kwanza kwa miaka mingi. Nimeomba nipumzishwe, kwa sababu waumini walidhani nalia.

Natumia dawa za presha, ile bendro, na za kisukari, na kila usiku nameza amitriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Macho yakiwasha naongeza piriton. Duka la dawa hunipa matone ambayo hutuliza wekundu kwa siku mbili, kisha mambo yanarudi palepale, nami nanunua tena. Nimefanya hivyo tangu mwaka jana. Jirani ananishauri nitie maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwanangu aliyeko Mwanza ameuziwa vidonge vya mafuta ya samaki kwa bei kubwa anitumie. Niliwahi kwenda kliniki moja, nikaambiwa macho ni mazima, ni uzee tu.

Jambo la mwisho naliandika kwa uzito. Macho yangu ni mekundu daima, na jikoni napikia kuni, zikikosekana natumia mabua ya pamba. Watoto wa mtaani wameanza kunikimbia. Kisimani nimesikia neno likisemwa nyuma yangu, nawe unajua ni neno gani. Siku hizi sitoki ila kwa lazima.

Je, huu ni ugonjwa au ni uzee? Na je, nitapofuka?

Mwalimu mstaafu, Shinyanga

Shikamoo, Mwalimu.

Nakushukuru kwa kuandika hata lile lililokuwa gumu kuandikwa. Nitalifikia. Lakini kuna jambo ndani ya barua yako lisiloweza kusubiri, nalo ni ile chupa ya matone.

Matone yanayofuta wekundu ndani ya siku mbili, kisha jicho likarudia hali yake, mara nyingi yana steroidi. Chukua boksi lake, mpe mjukuu mwenye macho makali asome maandishi madogo. Mkikuta jina linaloanza na dexa, predni au betametha, usinunue chupa nyingine. Dawa hizo zina kazi yake. Daktari wa macho huzitoa baada ya upasuaji au kwa uvimbe fulani ndani ya jicho, huku akimpima mgonjwa mara kwa mara. Zikitumiwa miezi na miaka bila kupimwa, zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo hula polepole mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Hakuna maumivu. Uoni huanza kupungua pembeni, mtu akawa anagonga fremu ya mlango au kujikwaa kwenye ngazi, akadhani ni haraka zake. Kilichopotea kwa njia hiyo hakirudi. Tena dawa hizo huharakisha mtoto wa jicho, na jicho likiwa na kidonda cha fangasi au virusi, huuacha ugonjwa uenee huku wekundu ukionekana kupungua.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hili: ukavu wa macho ni nadra kumpofusha mtu ukiangaliwa vizuri. Chupa hiyo inaweza. Ibebe uende nayo kliniki, ndani ya wiki hii ikiwezekana, useme umeitumia tangu lini, na uombe upimwe presha ya macho. Kama matone yako ni ya aina nyingine, yale ya kubana mishipa ili jicho lionekane jeupe, hayo nayo hayatibu kitu. Yakiisha nguvu mishipa hufunguka upya na wekundu huzidi. Ndiyo maana unarudi dukani.

Sasa ugonjwa wenyewe, maana ni ugonjwa. Uzee huufungulia mlango, lakini tukisema "ni uzee tu" tunakuwa tumemwambia mgonjwa aende akavumilie kitu chenye tiba.

Machozi yenye kazi kubwa kuliko yote ni yale yasiyoonekana. Ni utando mwembamba mno unaofunika uso wa jicho mchana kutwa, na kila tukipepesa tunautandaza upya. Chini kabisa una ute unaoushikilia kwenye jicho. Katikati ni maji yenye chumvi na kinga, yanayotoka katika tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Juu kabisa ni mafuta, yanayotolewa na tezi ndogo zilizopangana kwenye ukingo wa kope, kati ya 20 na 40 katika kila kope. Umepika miaka mingi, Mwalimu, unajua kwamba mchuzi wenye utando wa mafuta juu hautoi mvuke upesi. Mafuta ya kope yanafanya kazi hiyohiyo. Tezi zikiziba, au mafuta yakiganda na kuwa mazito, maji yaliyo chini yanakauka kabla hujapepesa tena. Kwa wagonjwa wengi hapo ndipo tatizo linapoanzia: maji yapo, ila hayakai.

Utando ukivunjika, uso wa jicho unabaki wazi. Hapo ndipo pana mishipa ya fahamu mingi kuliko karibu popote pengine mwilini, nayo inapiga kelele. Ubongo unaitikia kwa kuamuru machozi ya dharura, yale ya moshi na kitunguu. Hayo ni maji mengi yasiyo na mafuta ya kutosha; yanafurika, yanashuka shavuni, na jicho linabaki na njaa yake. Ndiyo maana unachuruzika machozi na bado sina shaka kuandika kwamba macho yako yanaelekea kuwa makavu. Dalili nyingine ulizitaja mwenyewe bila kujua uzito wake: yanazidi jioni, yanazidi kwenye upepo, na herufi zinarudi ukipepesa. Mtoto wa jicho hafanyi hivyo. Ukungu wake haufutiki kwa kupepesa.

Kwa nini wewe, na kwa nini sasa? Umri hupunguza kazi ya tezi zote mbili, za maji na za mafuta. Wanawake huumia zaidi ya wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni zinazozilinda tezi hizo hupungua. Kisukari kikikaa muda mrefu hufifisha hisia za uso wa jicho, hivyo amri ya kutoa machozi haiendi sawasawa. Moshi wa kuni, na zaidi wa mabua na samadi, hukera jicho ambalo tayari halina kinga. Na Shinyanga yako, kiangazi hewa ni kavu na vumbi halilali.

Kisha kuna dawa. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu watu wengi wa umri wako wako katika hali hii na hakuna aliyewaambia. Amitriptilini hukausha mdomo na macho. Bendro hupunguza maji mwilini, nayo inahusishwa na ukavu wa macho. Piriton, uliyokuwa ukiongeza ili macho yasiwashe, ni dawa ya mzio yenye tabia ya kukausha. Inawezekana kila ulipoimeza ulikuwa unauongezea moto kuni. Piriton hiyo, kama hukuandikiwa na daktari, iache. Hizo nyingine mbili usiziguse mwenyewe. Presha ikipanda ghafla inaua, na amitriptilini haiachwi siku moja. Ziandike zote kwenye karatasi, pamoja na za asili na za dukani, umpe daktari anayekuangalia presha na sukari, umuulize kama ipo inayoweza kupunguzwa au kubadilishwa. Kwa miguu inayowaka kuna dawa nyingine, na kwa presha zipo nyingi.

Nimeumizwa na ile kliniki iliyokuambia macho ni mazima. Sidhani kama kulikuwa na nia mbaya. Katika ugonjwa huu malalamiko ya mgonjwa na kinachoonekana kwa kurunzi mara nyingi haviendani: mtu anaweza kuteseka sana na jicho likaonekana karibu zima, na mwingine, hasa mzee ambaye hisia za jicho zimepungua, akawa na michubuko mingi bila kulalamika. Anayeangalia jicho peke yake bila kumsikiliza mwenye jicho atakosea pande zote mbili. Ndiyo maana kliniki zinazoujua ugonjwa huu hutumia hojaji ya maswali 12 kabla ya kugusa kope. Inauliza unavyohisi, lakini inauliza pia kama umeshindwa kusoma, kama umeshindwa kutazama televisheni, kama upepo unakusumbua. Somo la kwanza uliloacha kusoma kanisani, Mwalimu, ni kipimo. Liseme kliniki kwa maneno hayohayo.

Na usikubali mtu akuambie kwamba ni jambo dogo. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliwauliza wagonjwa wa macho makavu swali zito: ungekubali kupoteza muda gani wa maisha yako ili uliobaki uishi bila ugonjwa huu? Wenye ukavu mkali walijibu kwa namna iliyoweka mzigo wao karibu na ule unaoripotiwa na watu wenye maumivu ya kifua yatokanayo na ugonjwa wa moyo. Mtu asiyeweza kusoma, kushona, kukaa barazani na wenzake wala kulala vizuri kwa sababu ya macho kuwaka, anapungukiwa na maisha hata kama uoni wake ukipimwa ukutani unasoma herufi za mwisho. Tafiti nyingi pia zimekuta sonona zaidi kwa wenye macho makavu kuliko kwa wengine. Kuacha kwako kutoka nyumbani kunanitia wasiwasi kuliko wekundu wenyewe.

Hapo tumefika kwenye lile neno la kisimani.

Katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, akina mama wazee wamesingiziwa uchawi na wengine wameuawa kwa mapanga, na miongoni mwa "ushahidi" uliotajwa miaka nenda rudi ni macho mekundu. Macho hayo yamefanywa mekundu na jiko. Mwanamke aliyepika kwa kuni, mabua na samadi tangu utotoni, katika nyumba isiyo na bomba la moshi, akifika miaka 60 macho yake yatakuwa na mishipa iliyovimba, kope zilizokereka na machozi yasiyokauka. Ni kovu la kazi aliyoifanya kuwalisha watu, wakiwamo wanaomnyooshea kidole. Sitalizungumza hili kwa upole zaidi ya hapo.

Kwa hiyo usilibebe peke yako. Sheria ya uchawi ipo nchini tangu mwaka 1928, nayo inamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Mwambie mwanao wa Mwanza leo, kwa simu, neno ulilolisikia na aliyelisema kama unamjua. Mwambie mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wa kata. Kama kuna tishio lolote, hata la maneno ya ulevini, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, na usilale peke yako na watoto mpaka jambo limeshughulikiwa. Mchungaji au padri wako naye ajue. Ulifundisha kijiji hicho. Wapo watu wazima hapo waliojifunza herufi mbele yako. Waite wawili watatu unaowaamini, uwaeleze kwamba una ugonjwa wa macho, unaitwa ukavu wa macho, na unatibiwa. Nasisitiza utaje jina la ugonjwa. Uvumi hustawi pale ambapo hakuna mtu aliyetoa maelezo.

Wajukuu wako pia waelezwe. Watoto wa mtaani watasikia kutoka kwao.

Turudi kwenye tiba, tuanze na ile isiyo na gharama, maana kwa wagonjwa wengi ndiyo msingi hata wakipewa dawa za bei mbaya.

Kanda macho kwa joto, asubuhi na jioni. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chai ili yakae na joto. Chovya kitambaa safi cha pamba, kamua, kiweke juu ya macho uliyoyafumba. Kitambaa hupoa ndani ya dakika moja au mbili, kwa hiyo utakichovya tena na tena mpaka zitimie dakika 10. Watu hukiacha kikapoa usoni wakadhani wamekanda. Lengo ni kuyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye tezi za kope, na mafuta hayo hayayeyuki kwa uvuguvugu wa nusu dakika. Lakini una kisukari na miguu yako tayari ina hitilafu ya mishipa ya fahamu. Vidole vyako vinaweza visikuambie ukweli kuhusu joto. Mjukuu akijaribu kitambaa kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, akaona kinavumilika bila shida, ndipo ukiweke.

Ukimaliza tu, kope zikiwa bado na joto, zisugue polepole kwa kidole safi: ya juu kutoka juu kushuka, ya chini kutoka chini kupanda, daima kuelekea mahali nywele za kope zinapoota. Usibonyeze jicho lenyewe. Kisha futa ukingo wa kope kwa pamba au kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ukiondoa magamba. Hilo zoezi lina uchovu wake, na halitakupa nafuu wiki ya kwanza. Lipe mwezi mmoja na nusu kabla ya kulihukumu. Ukiliacha kwa sababu umepona, tezi zitaziba tena, hivyo lifanye kuwa sehemu ya siku yako kama kupiga mswaki.

Pili, machozi ya bandia. Haya yanapatikana famasi bila kuwa na steroidi wala dawa ya kubana mishipa. Uliza yenye hipromelozi au kaboksimethiliselulozi, na jina la kitu hicho liwe peke yake kwenye orodha ya dawa iliyomo. Anza mara 4 kwa siku, kwa saa, bila kusubiri macho yawake. Mengi yana kemikali ya kuhifadhi ambayo nayo hukera jicho ikizidi. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kila siku, uliza yasiyo na kemikali hiyo, ingawa bei yake iko juu na si kila famasi inayo. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja, fumba macho dakika moja au mbili. Mdomo wa chupa usiguse kope. Andika tarehe uliyoifungua juu ya boksi, na baada ya mwezi uitupe hata kama imebaki nusu. Kwa usiku ipo marhamu ya kulainisha. Inatia ukungu, kwa hiyo paka ukiwa umeshapanda kitandani.

Tatu, jiko. Sijui uwezo wako, na jiko la gesi lina gharama ya kujaza mtungi, kwa hiyo nitasema linalowezekana hata kesho: pikia nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, tumia kuni zilizokauka kabisa, kaa upande upepo unakotoka, na kazi ya kupuliza moto waachie vijana. Mwanao akitaka kutuma fedha, na asinunue tena vidonge vya samaki, anunue jiko lenye bomba la moshi au mtungi mdogo wa gesi.

Naam, vile vidonge. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 535 wenye macho makavu waliofuatwa mwaka mzima. Wengine walipewa mafuta ya samaki, wengine mafuta ya zeituni bila kujua nani anameza nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu kiasi, na yale ya samaki hayakushinda. Kula dagaa wa ziwa kwa sababu ni chakula kizuri na umezaliwa nao. Vidonge acha.

Kuhusu maziwa ya mama, jirani anakupenda, mshukuru. Lakini maziwa, asali, majani yaliyopondwa na vingine vyote visivyoondolewa vijidudu havifai kuingia kwenye jicho lenye michubuko. Yapo macho yaliyoharibika kioo kwa sababu ya vitu hivyo, kidonda kikaacha doa jeupe la kudumu. Mtu mwenye kisukari hana nafasi ya kujaribu.

Sasa kliniki. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Shinyanga. Kama hawana mtaalamu wa macho siku hiyo au wakiona linahitaji zaidi, omba rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako pia utakuwa karibu na mwanao. Beba kadi ya bima kama unayo. Kwa msomaji mwingine asiye na bima: sera ya Tanzania kuhusu wazee, tangu 2003, inatambua haki ya matibabu bila malipo kwa mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na kitambulisho chake kinafuatiliwa kupitia ustawi wa jamii. Dawa zenyewe wakati mwingine huzikuti, hilo nalijua, lakini uchunguzi usiukose.

Ukiwa pale, tarajia mambo haya. Watakutia tone la rangi ya machungwa linalong'aa kwenye mwanga wa buluu, na kuhesabu sekunde ngapi utando wa machozi unakaa kabla ya kuvunjika. Chini ya sekunde 10 ni dalili ya tatizo. Wanaweza kuning'iniza kipande chembamba cha karatasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5 waone imelowa milimita ngapi. Haiumi, inasumbua tu. Waombe wageuze kope ya juu waangalie makovu ya ugonjwa wa vikope, na kama nywele za kope zimegeukia ndani zikikwaruza jicho, maana ugonjwa huo huleta ukavu pia, na tiba yake ni nyingine kabisa. Waombe wapanue mboni waangalie nyuma ya jicho kwa ajili ya kisukari. Kila mwenye kisukari anastahili hilo kila mwaka, awe analalamika au halalamiki.

Kama mdomo wako nao unakauka hata huwezi kumeza mkate bila maji, na viungo vinauma asubuhi, sema. Amitriptilini inaweza kuwa chanzo, lakini upo pia ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate. Umepewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyeueleza mwaka 1933, na unawapata zaidi wanawake. Unahitaji vipimo vya damu na uangalizi wa muda mrefu.

Kukanda, matone na mabadiliko ya dawa visipotosha, daktari bingwa ana mengine: vidonge vya doksisaiklini kwa tezi zilizoziba, vizibo vidogo vya kufunga tundu linalopitisha machozi kwenda puani ili yakae zaidi, na matone ya saiklosporini, ambayo bei yake ni kubwa na hufanya kazi polepole, kwa miezi. Wengi hawafiki huko.

Usisubiri miadi hata kidogo ukiona hivi: maumivu makali ya jicho, uoni kupotea ghafla, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usaha, au taa kuzungukwa na duara za rangi huku kichwa kikiuma na kutapika. Hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

Na kuhusu kanisani. Usijitoe moja kwa moja. Omba muda, sema utarudi. Mtu anaposoma, kupepesa kunapungua hadi nusu au chini ya hapo, na hilo ndilo linalofifisha herufi zako kwenye mstari wa tatu. Tia machozi ya bandia dakika 10 kabla ya ibada. Nakili somo kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi nyeupe. Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji kufundishwa hilo. Ishike karatasi chini, usawa wa kifua, kwa sababu macho yakitazama chini kope hufunika sehemu kubwa zaidi na hewa haiyakaushi upesi. Kila mwisho wa sentensi fumba macho kabisa, kisha endelea. Waumini watadhani unavuta pumzi. Nyumbani soma kwa dakika 20, pumzika, na simu nayo ihesabu humo humo. Ukipanda basi, epuka dirisha lililo wazi, na kwenye vumbi vaa miwani, hata ile isiyo na namba.

Siku ya kliniki nenda na mjukuu mkubwa. Ashike ile karatasi ya dawa zako na ile chupa ya matone, asikilize daktari anavyoeleza, na kabla hamjatoka aandike namba za presha ya jicho la kulia na la kushoto, pamoja na tarehe ya kurudi. Kisha uniandikie namba hizo.